Cabaret (1972): mimi nilidhani ni muvi ya kuimba na kucheza tu

Jana nimeirudia Cabaret kwa mara ya tatu na bado nilipofika kwa yule dogo anayeimba ikabidi nisimamishe kwanza nikainjike chai. Ntamfikia.

Kwa ambaye hajaiona, ni muvi ya Bob Fosse, stori ni Berlin mwaka 1931, ajira hakuna, Wanazi ndo wanapanda, na kuna mdada wa Kimarekani Sally Bowles (Liza Minnelli) anaimba kwenye kilabu ya Kit Kat. Sally ni wale watu ukimkaribisha chai tu kesho yake unakuta kashahamia. Kucha rangi ya kijani, sifa kibao za baba yake eti mtu mkubwa serikalini, halafu siku ya kukutana baba mwenyewe hatokei, anatuma telegramu ya maneno kumi kamili kwa sababu yakizidi kumi unaongezwa bei. Anavyoisoma anachekesha kidogo halafu uso unambadilika, na mimi hapo ndo nikaelewa kwa nini walimpa Oscar.

Kilichonishika ni kwamba hakuna anayeanza kuimba barabarani bila sababu kama muvi nyingine za nyimbo. Wanaimba jukwaani tu, na zile nyimbo zinakaa kama mipasho ya taarab, kilichotokea huko nje dakika tano zilizopita kinapigiwa kijembe humu ndani. Emsii wao ni Joel Grey, uso poda nyeupe, lipstiki, tabasamu ambalo sijui kama ni la kukuchekea au la kukucheka. Kuna wimbo anacheza na sokwe mwenye gauni, kama mpenzi wake, kilabu nzima inacheka na wewe unacheka, halafu mstari wa mwisho unawageukia Wayahudi na unabaki na kicheko chako mdomoni hujui ukipeleke wapi.

Wimbo mmoja tu ndo uko nje ya kilabu, wa huyo dogo. Ni mchana, jua zuri, watu wanakunywa bia chini ya miti, kijana mzuri wa sura ananyanyuka na sauti nyororo kabisa, we unasema masikini katoto haka, kamera inashuka taratibu unaona kitambaa cha swastika, ile alama ya Wanazi, mkononi. Mmoja anasimama kuitikia, mwingine, mabinti, wamama, mwisho karibu bustani yote imesimama inaimba kwa hasira, isipokuwa mzee mmoja kwenye kiti chake kama kachoka na dunia. Kuna tajiri mmoja Max, rafiki wa Sally, ambaye huko nyuma alikuwa anasema waacheni Wanazi wamalizane na wakomunisti halafu tutawadhibiti wenyewe, anaulizwa na Brian, mpenzi wa Sally, wakiwa wanaondoka kama bado anaamini watadhibitiwa. Anapandisha mabega tu, basi, gari hiyooo.

Mapungufu yapo. Katikati pale mambo ya Sally, Brian na Max yanavuta mno, na Brian (Michael York) ni mkavu, yaani Mwingereza wa kwenye kitabu cha sarufi. Wakati huo Fritz na Natalia wanapewa dakika za kuhesabu, na wao ndo wenye stori nzito, jamaa ni Myahudi anaficha, anampenda binti wa Kiyahudi, ili amuoe lazima ajitaje, na kujitaja Berlin ya wakati ule we fikiria mwenyewe. Ningewapa nusu saa nzima. Pia kopi niliyonunua mimi subtaito zinaruka Kijerumani chote, hela yangu iliniuma.

Sio ya kuangalia na watoto, kuna mambo ya chumbani na kuna kutoa mimba. Ilibeba Oscar 8, ile ya filamu bora ikaenda kwa The Godfather, na mimi sigombani na mtu hapo ila Fosse kumpiga Coppola, yule aliyeongoza The Godfather, kwenye uongozaji ni halali yake.

Kuweni makini na kile kioo cha kilabuni kinachopindisha sura. Muvi inaanza nacho na inaisha nacho, ila mwisho waliokaa mbele wakinywa wamevaa sare. Ngoma inapigwa, inakatika, majina yanapita kimya bila muziki wowote. Mara ya kwanza nilinyanyuka kwenda kucheki waya wa spika.