Kubishana Kondele au kubishana kwenye simu

Wapi pazuri pa kubishania: Kondele, mtaa wa Kisumu, ana kwa ana penye magazeti, au kwenye simu? Kwa habari za kodi, simu inashinda, lakini si kwa mbali. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipokuja, mgeni usiyemjua alikubandikia kifungu chenyewe: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Unasoma, unabishana. Tatizo ni kwamba picha ya skrini haizeeki. Pendekezo la mkate liliondolewa Juni 18. Juni 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada wote. Picha yenyewe haikuambii hayo.

Kondele, penye magazeti, ukileta habari iliyopitwa utasikia, "Omera, hiyo umeitoa wapi?" Watu wanacheka, unarekebishwa papo hapo. Huko pia mwenye sauti kubwa hula muda wa wote, na akina mama hupita tu na mizigo yao.

Teknolojia? Simu, bila mjadala.

Dini ningeibishania ana kwa ana pekee. Mtu anayejua mtakutana tena kwenye matatu hakutupi motoni haraka hivyo. Siasa vilevile, isipokuwa mwezi wa uchaguzi. Hapo mimi husoma kimya.