Petroli au dizeli? Injini tano za kununua, nilivyozipanga kwa jicho la mpenzi wa mbio

Kuanzia mwaka 2006 hadi 2014, kila gari lililoshinda Saa 24 za Le Mans, mbio za magari za Ufaransa zinazodumu usiku na mchana, lilikuwa la dizeli. Audi walianza na R10 TDI, wakafuata na R15 kisha R18, na Peugeot wakachomoza katikati mwaka 2009 na 908 HDi FAP. Nazipenda sana mbio hizo, na ile injini ya R10 yenye silinda 12, lita 5.5 na turbo mbili (feni zinazosukuma hewa zaidi ndani ya injini) bado naihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za wahandisi wa magari. Ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 650 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayozidi Nm 1,100, tena kwa mngurumo wa chini uliowashangaza watazamaji waliozoea kelele za petroli. Pamoja na mapenzi hayo yote, mtu akiniomba ushauri wa gari la kutumia kila siku, dizeli haiji ya kwanza wala ya pili. Sababu imo humohumo katika mbio zilizoipa sifa.

Le Mans ni mbio za injini iliyokwisha kupata moto, inayokimbia usiku na mchana na kuzimwa kwa nadra. Hayo ndiyo maisha ambayo dizeli huyapenda. Injini hii haina plagi za kuwasha mafuta. Huibana hewa ndani ya silinda mara 15 hadi 20 hivi, wakati petroli hubana mara 9 hadi 13, na joto linalotokana na mbano huo ndilo linalowasha mafuta yanaponyunyizwa. Mbano mkubwa maana yake ni kazi zaidi kutoka kwenye tone lilelile la mafuta, na gari linalokwenda mbali zaidi kabla ya kujaza tangi hupoteza muda mchache kwa mafundi wake. Ni kweli pia kwamba kanuni za wakati ule ziliipendelea dizeli: iliruhusiwa turbo yenye lita 5.5, ilhali petroli yenye turbo iliwekewa kikomo cha lita 4.0. Jangwani hadithi ilikuwa hiyohiyo. Volkswagen walishinda rali ya Dakar kwa dizeli mwaka 2009, 2010 na 2011, Peugeot wakashinda kuanzia 2016 hadi 2018.

Formula 1, kwa upande wake, haijawahi kuwa uwanja wa dizeli. Huko injini inaruhusiwa kufika mizunguko 15,000 kwa dakika, kasi ambayo pistoni nzito za dizeli na mwako wake wa polepole haziiwezi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mnunuzi halihusu nguvu wala rangi. Nauliza: safari yako ya kawaida ina urefu gani, na injini itapata moto kamili mara ngapi kwa wiki? Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayenunua gari moja, lililokwisha kutumika, la kufanyia kila kitu.

1. Petroli ya kawaida isiyo na turbo

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi, na naipendekeza kwa moyo wote. Ukiipata yenye nozeli zinazonyunyiza mafuta nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, umepata injini rahisi kuliko zote zinazouzwa. Haina turbo ya kuchoka, haina pampu ya mgandamizo mkubwa, haina chujio la masizi la kuziba. Mafuta yanayopita juu ya valvu huziosha kila mara. Hupata moto upesi, kwa hiyo safari fupi haziiumizi kama zinavyoiumiza dizeli, na hitilafu zake nyingi ni za vitu vidogo kama plagi, koili na sensa.

Watu huidharau kwa sababu haina msukumo mkubwa chini. Mimi naipenda kwa sababu ile ile ambayo madereva wa mbio wa zamani waliipenda: unakanyaga, inaitika papo hapo. Hakuna kusubiri turbo ijae. Kwenye kona, mguu wako na injini vinaongea moja kwa moja, na ukiipandisha mizunguko inaimba. Gari dogo jepesi la petroli lenye gia za mkono humfundisha mtu kuendesha vizuri kuliko gari kubwa lenye torki ya kuvuta trela.

Udhaifu wake ni mzigo na milima. Gari zito lenye injini ndogo ya namna hii hulazimika kupiga mizunguko mingi, na mafuta yanakwisha haraka. Chagua ukubwa wa injini kulingana na uzito wa gari.

2. Petroli ya haibridi

Kama ungekuwa unanunua gari jipya kabisa, ningeiweka ya kwanza. Tangu 2015 kila mshindi wa jumla wa Le Mans ametumia petroli pamoja na mota ya umeme: Porsche kwanza, kisha Toyota, kisha Ferrari. Dizeli ilinyang'anywa taji na mfumo unaookota nishati ya breki na kuirudisha magurudumuni. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao ya Formula 1, ikiwa kwenye mashine ya majaribio, ilivuka asilimia 50 ya ufanisi wa joto, kiwango ambacho zamani kilihesabiwa kuwa cha dizeli kubwa tu.

Barabarani faida hiyo huonekana kwenye foleni, mahali ambapo gari lingine lolote hupoteza mafuta bure. Mfumo wa Toyota, unaouzwa tangu Prius ya mwaka 1997, hauna klachi, alternata wala stata ya kawaida, na breki zake hudumu kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Kwenye barabara kuu yenye mwendo wa kudumu faida hupungua, kwa sababu breki hazitumiki na hakuna cha kuokota.

Kinachoishusha hadi nafasi ya pili ni betri. Kwenye gari lililotumika, betri kubwa ina historia usiyoijua. Taka ipimwe kwa kompyuta, moduli (vipande vinavyoiunda) moja moja, na ukague feni inayoipoza, mara nyingi karibu na kiti cha nyuma. Feni iliyozibwa na vumbi huiua betri ambayo ingedumu miaka mingi.

3. Dizeli ya kisasa, kwa mwenye safari ndefu

Hapa moyo wangu unataka kuandika namba moja. Ukiendesha mwendo mrefu mara kwa mara, ukiwa na mizigo au trela, hakuna kinachoifikia. Torki inapatikana chini kabisa, mlima unapandwa bila kushusha gia, na tangi moja linakupeleka mbali. Uwezo huo ndio uliowapa SEAT ubingwa wa dunia wa magari ya saluni, WTCC, mwaka 2008 na 2009 kwa León TDI: ikitoka kwenye kona ilikuwa tayari inavuta huku wengine wakitafuta mizunguko.

Ukilinganisha ulaji wa mafuta, kumbuka kwamba lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10, na ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi dhidi ya 2.3 za petroli. Namba za kilomita kwa lita huipamba kidogo kuliko inavyostahili, ingawa hata ukiondoa tofauti hiyo bado ina ufanisi mkubwa.

Bei ya sifa hizo ni mitambo. Mafuta yanasukumwa kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 2,000, kupitia matundu madogo sana ya nozeli. Maji au uchafu kwenye tangi huharibu pampu na nozeli kwa pamoja. Kwa hiyo filta ya mafuta ibadilishwe kwa wakati, na maji yaliyokusanyika ndani yake yamwagwe. Chujio la hewa nalo lisisahaulike. Mwaka 1952 Fred Agabashian alianza wa kwanza kwenye Indianapolis 500, mbio maarufu za Marekani, akiwa na gari la dizeli la Cummins lenye turbo, na siku ya mbio gari hilo lililazimika kutoka kwa sababu tundu la hewa la turbo lilizibwa na vipande vya mpira wa matairi. Turbo inayonyimwa hewa safi haina maisha, iwe uwanjani au kwenye barabara ya vumbi.

Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika huvumilia mengi zaidi, na kwa mtu wa kazi ngumu mbali na gereji za kisasa bado ni chaguo la maana. Lakini moshi wake ni sumu: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani.

4. Petroli ndogo yenye turbo

Ina raha ya kuendesha, hilo silipingi. Magari ya rali ya dunia, WRC, yametumia turbo ya lita 1.6 tangu 2011, na kufikia 2017 yalikuwa yakitoa takriban nguvu za farasi 380. Ila injini za rali hufunguliwa na kukaguliwa na mafundi wake mara kwa mara. Yako itategemea oili tu. Nyingi hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa haziogeshwi, na kaboni hujenga gamba juu yake. Nunua tu kama kuna rekodi za kubadilisha oili mapema, na sikiliza cheni ya taiming, ile inayoendesha valvu, sekunde za kwanza baada ya kuwasha.

5. Dizeli ya kisasa kwa safari fupi za mjini

Usiinunue. Chujio la masizi huhitaji joto la takriban nyuzi 600 ili lichome kilichokusanyika, na foleni hailifikishi huko. Injini hujaribu kulisaidia kwa kunyunyiza mafuta ya ziada. Ukizima katikati ya kazi hiyo, mengine huvujia kwenye oili. Ndiyo maana kwenye gari la namna hii dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inayoonyesha oili *imepanda* ni habari mbaya kuliko iliyoshuka.

Siku ya kwenda kulitazama

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uweke mkono juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokatika ni wa kumwita fundi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka: hewa ikisukuma kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Kwenye dizeli yenye gia za mkono, sikiliza mgongano wa chuma unapozima, dalili ya flaiwili, gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi, iliyolegea.

Kisha pitisha kidole ndani ya bomba la moshi likiwa bado baridi. Dizeli ya kisasa yenye chujio zima huliacha bomba karibu safi. Kidole kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au limeng'olewa, na gari hilo halistahili bei ya gari lenye chujio lake.