SUV ndogo za mkono wa pili kwa sisi wa Malindi: tazama chini kwanza, bei baadaye

Jamani hili swali la ninunue SUV gani isiyoliwa na kutu leo nalijibu kwa urefu maana nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Mtu ananitumia picha amesimama kando ya gari inayong'aa, funguo mkononi, hongera nyingi, halafu haupiti muda ananitumia picha ya gari ile ile iko juu ya jeki ananiuliza eti hii ni kawaida? Ya juzi imetoka kwa dada mmoja wa Mambrui. Nissan X-Trail nyeupe, viti safi, skrini kubwa, imenunuliwa yadi moja Mombasa kwa pesa za chama na akiba ya mumewe. Yuko njiani kuja mjini anakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Alhamdulillahi mbele yake hakukuwa na bodaboda wala mtoto wa shule. Fundi alipoingia chini akakuta paipu ya breki ya kwenda magurudumu ya nyuma imeoza, ina kitundu kidogo kama ncha ya kalamu na oili yote ya breki imemwagikia hapo. Na paipu yenyewe ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mpya kabisa, bado inanuka.

Sasa mie nauliza, kwa nini sisi watu wa pwani tukienda kununua gari tunauliza inakula mafuta vipi, kamera ya nyuma ipo, sanrufu ipo, na hakuna hata mmoja anayeuliza huko chini kukoje? Mambo ya mafuta na viti utayapata popote, mie siyaandiki hapa. Hapa naandika kutu.

Mtu wa Nairobi akikwambia gari aina fulani haishiki kutu anasema kweli, kwa Nairobi. Ilete Casuarina uiegeshe nje, nyumba ya pili kutoka baharini, kusi ikivuma utaamka asubuhi kioo kina utando wa chumvi mpaka ukipitisha kidole unanata. Utando huo huo uko chini ya gari, na huko chini hakuna anayepangusa. Wale wa Gongoni na Marereni wanaokaa karibu na mashamba ya chumvi hata sina haja ya kuwaeleza, wao wanajua geti jipya linakaa muda gani.

Na ubaya ni kwamba nyingine zinafika Kilindini zishaanza kuliwa. Japani kaskazini, Hokkaido na kule Aomori na Akita, kipupwe chao barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na gari inapita humo msimu baada ya msimu. Uingereza ni vile vile. Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji si mileji, ni imetoka mkoa gani. Itisha oksheni shiti, ile karatasi ya mnada wa Japani, na usiangalie gredi peke yake, kwa sababu gari inaweza kupewa 4 kwa uzuri wa bodi na ndani huku chini kumeoza. Angalia jina la mnada, ukiona Sapporo jua hiyo ni Hokkaido. Angalia na herufi, S ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa, na nambari inayofuata baada ya herufi ikipanda ndio ubaya unavyozidi. Muuzaji akikwambia shiti imepotea basi bei yako nayo ishuke.

Kisha gari ipande shimoni. Si kuinama tu ukachungulia na tochi ya simu, nasema gari ipelekwe gereji yenye shimo, mchana, uingie pamoja na fundi wako, wako wewe si yule wa muuzaji. Vaa nguo ya kuchafuka. Anza na paipu za breki, zifuate kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma, ukihisi mikwaruzo na magamba zimeanza. Halafu sabfremu ya nyuma, ile chuma kubwa inayobeba miguu ya nyuma, hapo ndipo matope na chumvi hukaa. Halafu juu zinaposhikia shoki, halafu ule ukingo wa chini ya milango. Hapo kwenye ukingo chukua bisibisi ugonge kwa mpini, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kupwaya na wakati mwingine vumbi la kutu linadondoka lenyewe. Beba na sumaku ndogo upitishe kwenye matao ya magurudumu, isiposhika ujue chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kuzibia matundu.

Ule ujanja wa rangi nyeusi nao utaujua kwa kitu kimoja. Kiwandani kinga ya chini hupakwa kabla bushi, ile mipira ya viungio vya miguu ya gari, na ekzosi hazijafungwa, sasa wale wanaopuliza kuficha hawana muda wa kufungua kitu, wanapuliza yote. Ukikuta weusi mpaka kwenye mpira wa bushi, mpaka kwenye bomba la ekzosi, mpaka kwenye nyaya, basi mtu amepita hapo juzi na kuna jambo. Na maadam tumepitiwa na mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024, vuta mikanda ya viti mpaka mwisho wake kabisa, ikiwa na mstari wa tope huko ndani hiyo gari imeogelea.

Haya sasa gari zenyewe. Nasema wazi kabisa mie ni mtu wa Suzuki na sitaki kubishana. Namba moja kwangu ni Escudo ile ya mwaka 2005 kwenda mbele, wengine waiita Grand Vitara, hasa ya kuanzia 2008 yenye injini ya 2.4. Sababu ni kwamba chini ina fremu imara iliyounganishwa na bodi, gia boksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne si CVT, ile isiyo na hatua za gia, injini inatumia cheni ya taimingi inayoendesha vali si mkanda, na ina 4WD ya kweli, magurudumu yote manne yanavuta, yenye gia ya chini na loki. Watu wa Mayungu na wale wa njia za ndani kule Watamu wananielewa. Mchanga ukikuzamisha unaweka 4L unatoka taratibu bila kuita vijana wa kusukuma. Inakula mafuta ndiyo, hilo siwafichi, na ukija kuiuza haitakimbiliwa kama Toyota, lakini hiyo ndiyo sababu unaipata kwa bei ya kibinadamu. Kutu yake angalia matao ya nyuma na mlango wa nyuma uliobeba gurudumu la akiba, pale chini ya mpira wa kuzibia maji, bonyeza kwa dole gumba. Lakini usichanganye. Kuanzia 2015 kulikuja Escudo nyingine ndogo inayoundwa Hungary, nzuri ya mjini, lakini haina gia ya chini kabisa, na kuna mabroka wanaiuza kwa sifa za ile ya zamani. Ile ya zamani iliacha kuundwa 2017, kwa hivyo kwa sheria yetu ya gari isiyozidi miaka minane haiingii tena kutoka nje, utainunua kwa mtu hapa hapa Kenya. Na kama utapata iliyokaa Nakuru au Eldoret mie ningeifuata huko huko, nauli ya basi si kitu.

Ya pili ni Toyota RAV4, na hapa mniskilize vizuri maana ndio wengi wenu mnapoumia. Ile ya umbo la 2005 na ndugu yake Vanguard iliuzwa Japani, spea zake mpaka maduka ya Malindi mjini unapata, na ile injini ya 2.4 uipime oili mara kwa mara kwa sababu baadhi ya zile za miaka ya mwanzo zinakunywa oili. Lakini ile RAV4 ya umbo la 2013 mpaka 2018, ile mnayoipenda kwa sura, Japani haikuuzwa kabisa. Haikuuzwa! Kwa hivyo ukiambiwa hii ni ya Japani, fresh, unadanganywa mchana kweupe, hiyo imetoka Uingereza au kwengine, na kama ni Uingereza ushajua barabara zao kipupwe zinamwagwa nini. Sisemi usinunue, nasema iende shimoni mara mbili.

Subaru Forester naiweka ya tatu. Iko juu ardhini, barabara ya Marafa inaipita vizuri, na mvumo wake vijana wanaupenda. Zile za kabla ya mwisho wa 2010 zina mkanda wa taimingi ambao ukikatika unaua injini, kwa hivyo usikubali neno la mdomo kwamba umebadilishwa, uonyeshwe risiti au uubadilishe wiki hiyo hiyo. Za baadaye zisizo na tabo zina cheni, zenye tabo ziliendelea na mkanda mpaka 2012. Kutu yake iko sabfremu ya nyuma na matao.

Mazda CX-5 ya petroli ni gari nzuri mno na watu hawaijui thamani yake, otomatiki yake ni ya kawaida ya gia sita, chasis ngumu. Ya dizeli achana nayo kama safari zako ni Barani kwenda sokoni na kurudi, ile filta ya moshi inahitaji safari ndefu za mwendo ndio ijisafishe, ikiziba utalia. CR-V nayo sina ubaya nayo, injini za Honda zinadumu, ila iko chini kidogo kwa njia zetu na 4WD yake si ya mchanga.

X-Trail mwisho. Najua zimejaa, najua bei inavutia. Kuanzia umbo la 2007 nyingi ni CVT, na CVT inataka oili yake maalumu, na fundi wengi barabarani wanatia oili yoyote ya otomatiki waliyo nayo, gia boksi inaanza kutetemeka halafu unaambiwa ununue nyingine. Ukiongeza na joto letu na mchanga, mie hapana.

Za bei nafuu kama Rush na Terios ni sawa kwa mtu mmoja na mizigo kidogo, kutu angalia vile vile.

Sasa nije kwa wauzaji maana hapa ndipo moyo unaniuma. Bei zimepanda, tunajua, ushuru wa kuingiza gari ulitoka asilimia 25 ukafika 35 mwaka 2023, juu yake ekisaizi, juu yake VAT ya asilimia 16, na hivyo vyote mnunuzi ndiye anabeba. Sawa. Lakini gari iliyoingia nchini kabla ya hapo, imelipiwa ushuru wa zamani, imetumika hapa miaka kadha, imeoza chini, kwa nini nayo ipandishwe bei kwa kisingizio cha ushuru mpya? Na broka anaongeza yake, na broka wa broka anaongeza yake, mpaka gari moja ina wenyewe watatu na hakuna hata mmoja anayeijua historia yake. Angalia namba ya gari basi, KB na KC na KD zinakuonyesha iliandikishwa Kenya lini, linganisha na hiyo hadithi unayopewa. Mwanamke ukienda peke yako ndio kabisa, unaambiwa "mama hii gari ni safi, ya daktari mmoja", ukisema unataka shimo unaambiwa shimo la nini, huamini watu? Dada zangu msione haya. Hizo ni pesa za miaka. Anayekataa gari yake isitazamwe chini anajua kilichoko chini. Na logbuku iwe kwa jina la anayekuuzia, uhamisho ufanyike kwenye eCitizen mkiwa mmekaa pamoja, pesa ya mwisho itoke ukishaona umepokea ombi la uhamisho.

Ukishainunua kuna jambo moja la maji ambalo hapa kwetu ndilo linalomaliza gari. Kuosha chini ni lazima, hasa ukitoka ufukweni, lakini visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, na sehemu nyingi za kuosha gari barabarani wanavuta kisima. Unalipa hela uongezewe chumvi. Yaonje, kweli yaonje kwenye ncha ya ulimi kabla hujaruhusu bomba, na kama yana chumvi waambie waoshe juu tu, chini utaosha mwenyewe kwa maji ya mfereji nyumbani, sabuni kidogo, bomba lielekezwe ndani ya matao na juu ya sabfremu mpaka maji yanayodondoka yawe safi. Na ile kupuliziwa oili chafu ya injini chini mie sipendi, inazuia kutu kidogo lakini inakula mipira ya bushi na inakusanya mchanga wote wa Silversand. Kuna dawa za nta za kupulizia chini, madukani zipo, mpe fundi asafishe kwa brashi ya waya kwanza, chuma kikauke kabisa, ndio apulize, kabla ya masika si baada.