Kampuni ya maji ya mtaani kwetu London: nyota 3 kati ya 5

Nakaanga sambusa na viazi karai kwenye kiduka mashariki mwa London. Karai la mafuta liko motoni tangu asubuhi, kwa hiyo habari ya moto huwa hainitoki kichwani.

Hatua chache kutoka mlangoni kwangu kuna haidranti, bomba ambalo zimamoto huchukulia maji. Huku Uingereza limezikwa chini, juu yake kifuniko cha chuma chenye herufi FH (fire hydrant, yaani haidranti ya moto). Ukutani hubandikwa kibao cha njano chenye H nyeusi: namba ya juu ni upana wa bomba kuu kwa milimita, ya chini ni mita ngapi kutoka kibaoni.

Mwezi wa pili mafundi wa barabara walimwaga lami wakakifukia kifuniko chote, na kibao kikavunjika. Nikapigia simu kampuni ya maji. Dada aliyepokea akaniambia hilo si lao, niwaulize zimamoto. Iliniudhi sana. Sheria ya Sekta ya Maji (Water Industry Act) ya 1991, kifungu cha 57, inaibebesha kampuni ya maji jukumu la kuhakikisha haidranti zinafanya kazi. Zimamoto hulipia gharama za haidranti, ila maji yenyewe ya kuzimia moto hayatozwi hata senti. Tena Sheria ya Zimamoto ya 2004 inasema kuziba haidranti ni kosa la jinai. Nilimsomea neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akanipa namba ya kazi, ya kufuatilia ombi langu.

Zikapita siku 19. Gari la zimamoto huja na maji yake, lakini tangi lile huisha kwa dakika chache tu, na juu ya duka langu wanalala watoto. Siku 19 ni nyingi mno.

Fundi alipofika, kwa kweli sina neno. Alichimba lami kwa patasi, akainua kifuniko, akapiga magoti kuchota tope kwa mkono mpaka begani. Akaunganisha bomba lake la kusimama kwenye haidranti, akafungulia maji. Maji yakaja mekundu kwa kutu, yakafuata ya rangi ya chai, naye hakufunga mpaka yakatoka safi kabisa. Saa nzima, kwenye mvua. Nyota zote 3 ni zake.

Kibao kipya bado, na sheria inataka kila haidranti iwe na alama inayoonekana. Wiki hii nimewapigia tena, nikawatajia namba ileile ya kazi.