Wino wa kijani uliopenya daftari la bibi: nimeujaribu kwenye karatasi sita

Nianze na daftari, maana hasira yangu yote imetokea humo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinakili masimulizi ya bibi yangu, aliyonisimulia mwenyewe kabla hajatutoka. Ni daftari la kawaida la mistari, naliandika pande zote mbili za karatasi kwa kalamu ya wino, na wino wenyewe ulikuwa ule wa buluu nzito wenye chuma. Juzijuzi ukaniishia. Nikafungua chupa mpya ya wino wa kijani niliyoitamani muda mrefu, nikakaa kuandika ukurasa mmoja na nusu, nimefurahi kabisa. Kijani cha jani changa lililonyeshewa. Kisha nikageuza karatasi.

Wino ulikuwa umepenya. Sisemi kivuli, kivuli ningekivumilia. Yalikuwa madoa, doa kwa kila mahali kalamu ilipotua au kukata kona, na yote yamekalia maneno ya bibi. Kuna sentensi anaeleza jinsi alivyopewa jina lake. Sasa naisoma kwa shida, neno moja moja.

Nikamwandikia aliyeniuzia. Nilieleza kwa adabu, picha nikaambatanisha. Jibu likaja mstari mmoja: "Wino hauna shida, karatasi yako ndiyo mbovu." Hata pole hakuna! Nimelisoma jibu hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Karatasi mbovu vipi, na karatasi hiyohiyo imebeba wino wa chuma miaka yote bila doa hata moja?

Basi nikaamua kujaribu. Nilitafuta karatasi za aina sita, nikaandika sentensi ileile kwenye kila moja, kalamu ileile yenye nibu (ncha ya chuma inayoandika) ya upana wa wastani, nikiwa na kioo cha kukuza mkononi.

Kwenye karatasi za fotokopi, zile za gramu 80 kwa mita ya mraba, herufi zikaota ndevu. Neno "mama" nililiangalia kwa kioo: miguu mitatu ya "m" imeshikana chini, na kutoka kila mguu vimetoka vijinywele vya kijani vikifuata nyuzi za karatasi. Pembeni kabisa pa herufi kuna ukingo mwembamba unaoelekea buluu. Hapo nikataka kujua zaidi, nikadondosha tone la wino kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia na kukichovya ncha yake majini. Baada ya dakika chache kijani kilikuwa kimeachana: njano huku, buluu kule. Ni rangi mbili zilizochanganywa, na karatasi inayonyonya sana inazivuta kila moja kwa mwendo wake. Ndiyo maana kijani kilekile kinaonekana tofauti kila unapobadilisha karatasi.

Karatasi iliyorejelezwa sitaki hata kuizungumzia. Wino umezama kama maji mchangani.

Kilichonishangaza ni karatasi nene ya kuchorea. Nilidhani unene ungetusaidia, kumbe wapi. Haikupenya upande wa pili, ni kweli, lakini ndevu zilikuwa ndefu kuliko hata za fotokopi. Halafu nikaandika kwenye Tomoe River, karatasi ya Kijapani ya gramu 52, nyembamba kiasi kwamba unaona kidole chako upande wa pili. Hakuna ndevu. Hakuna kupenya. Mstari umekatika safi kama umechorwa kwa wembe. Siri iko kwenye kitu kinachotiwa karatasini kiwandani kuzuia nyuzi zisinywe wino. Karatasi ikipata cha kutosha, wino unabaki juu na kukauka taratibu. Ikipunjwa, uzito wa gramu ngapi sijui hautakuokoa.

Na hapo kwenye Tomoe River, jamani, lazima niseme ukweli. Ni wino mzuri ajabu. Pale kalamu inapoanza mstari ni kijani chepesi, karibu njano, halafu kinakolea kadiri mkono unavyoshuka, mpaka mwisho wa herufi wino unapojikusanya na kuwa kijani cha msitu. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, kingo zinatoa mng'ao mwekundu. Mwekundu, kutoka kwenye wino wa kijani! Niliandika kurasa tatu bila sababu yoyote, naangalia tu herufi zikikauka. Karibu nimsamehe muuzaji.

Karibu tu. Baada ya muda mrefu nilipitisha mkono juu ya mstari wa mwisho, wino bado mbichi, kijani chote kikahamia kwenye kiganja. Rhodia, karatasi laini ya Kifaransa ya gramu 80, ilinipa karibu uzuri uleule na ilikauka mapema zaidi, na kwa matumizi ya kila siku ningeichagua hiyo. Lakini sikununua wino ili nihame nyumba. Mtu ananunua wino aandikie karatasi alizonazo, na wengi wetu tuna madaftari na fotokopi. Kama wino unadai karatasi maalumu, andikeni hivyo kwenye kisanduku. Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa hii: usiununue.

Hukumu hiyo niliishikilia siku mbili tatu. Kisha, kwa ukaidi, nikarudi kwenye karatasi ya sita, yaani lile daftari la bibi, safari hii kwenye ukurasa mtupu wa mwisho. Nikabadilisha nibu, nikaweka nyembamba inayotoa wino kidogo. Ndevu zikapungua mpaka zikahitaji kioo kuonekana. Nikageuza karatasi huku moyo unadunda: kivuli tu, hakuna doa hata moja. Wino uleule, daftari lilelile.

Sikufurahi. Nilikasirika upya. Ina maana jibu lilikuwepo na lilikuwa fupi vilevile: "Pole sana, jaribu nibu nyembamba, na kwanza jaribu kwenye ukurasa wa mwisho." Mtu anayeuza wino anayajua haya. Karatasi ilichangia, sawa, nakubali. Nibu yangu ilichangia. Na wino wenyewe ni wa majimaji mno, wala hilo silirudishi nyuma, maana wino wa chuma kwa nibu ileile ya wastani haukupenya kamwe. Angetaja yote matatu ningemheshimu. Alitaja moja, lile lisilomhusu.

Kwa hiyo nisemeje? Kama una karatasi nzuri na subira ya kusubiri ukauke, sijaona kijani kinachokizidi hiki. Kama unaandikia daftari la kawaida, tumia nibu nyembamba au uache kabisa, na usiandike nyuma ya kitu usichoweza kukipata tena. Mimi nautumia kwa barua, kwenye Rhodia, upande mmoja. Daftari nimelirudishia wino wa chuma. Ule ukurasa wenye jina la bibi nimeunakili upya nikiwa nimeushika dhidi ya dirisha, na maneno mawili ya mstari wa saba bado sijayapata.