Fundi wa Wi-Fi pale Bel-Air: hakuniuzia kitu, alitafuta tatizo

Mafundi wa intaneti hapa Lubumbashi si haba, na wengi niliowaita jibu lao lilikuwa moja: nunua rauta mpya. Kijana huyu wa Bel-Air, mwenye chumba kimoja cha kazi kando ya duka la vipuri vya magari, hakuniambia ninunue chochote. Alikaa nyumbani kwangu mpaka akajua kwa nini mtandao wetu unasumbua, akautengeneza kwa vifaa vilevile tulivyokuwa navyo. Nampa nyota tano kwa kazi, na mbili tatu kwa mambo mengine nitakayoyasema.

Mimi natengeneza hesabu za maduka madogo, na kazi yangu naifanyia nyumbani. Laptopu yangu iko sebuleni. Ya baba watoto inazunguka nyumba nzima. Kuna kompyuta ya mezani ya zamani ambayo watoto wanasomea, na binti yangu mkubwa, anayeandika kazi yake ya mwisho ya chuo, ana yake kwenye chumba cha nyuma cha lupango, yaani kiwanja chetu. Printa ni moja kwa wote, nayo inatumia Wi-Fi.

Shida yenyewe ilikuwa ya kuchosha kwa sababu haikuwa na mpangilio. Leo yangu inafungua kila kitu na ya binti haifungui. Kesho ni kinyume. Alama ya Wi-Fi imejaa kabisa lakini ukurasa hauji. Printa asubuhi ipo, mchana kompyuta zote zinasema haipo, na mteja anasubiri karatasi zake. Tuliwapigia watu wa kampuni ya intaneti, wakasema laini yao ni nzima. Kumbe kwa hilo walisema kweli. Fundi mwingine kabla yao alikuwa ametuwekea rauta ya pili kwenye korido ili chumba cha nyuma nacho kipate mtandao, akavuta waya juu ya dari, akalipwa, akaondoka. Tangu hapo ndipo fujo ilipoanza.

Huyu wa Bel-Air alipofika hakugusa rauta. Aliuliza kwanza: ni kompyuta zote zinazokatika kwa wakati mmoja, au moja moja? Katika wote niliowaita, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipomjibu akasema, "Mama, tuanze na waya." Akachomoa ule waya unaokwenda korido, akaunganisha laptopu yangu na rauta kubwa kwa waya mfupi, akapima kasi. Tulikuwa tunapata tunacholipia. Kisha akaifanya kompyuta ipige hodi kwenye rauta yenyewe, ile anwani ya 192.168.1.1 (namba inayoitambulisha kwenye mtandao wa nyumbani), bila kupumzika, huku mistari ya majibu ikishuka kwenye dirisha jeusi. Kila hodi ilijibiwa. Akatoa waya, akarudi kwenye Wi-Fi: bado kila hodi inajibiwa. Akarudisha waya wa korido mahali pake, na pale pale majibu yakaanza kupotea.

Alichokuta ni hiki, na nakieleza kwa sababu naamini nyumba nyingi zenye rauta mbili zina tatizo hilihili. Rauta ya korido ilikuwa na anwani ileile ya 192.168.1.1 kama rauta kubwa. Tena zote mbili zilikuwa zinagawa anwani kwa kompyuta, kila moja kwa daftari lake, bila kujua mwenzake amempa nani namba gani. Kompyuta inayotaka kutoka kwenda intaneti inauliza 192.168.1.1 ni nani, wanajibu wawili. Ikimsikia yule wa korido, ambaye mlango wake wa kutokea haujaunganishwa na kitu, ujumbe unaishia hapo. Na printa? Namba iliyopewa na rauta moja, rauta nyingine iliwahi kumpa binti yangu. Alinifungulia zile namba kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akaniacha nizisome mwenyewe. Mtu wa hesabu ukimwonyesha risiti mbili zenye namba moja, huhitaji kumweleza tena.

Dawa yake haikuchukua muda. Rauta ya korido akaipa 192.168.1.2, akazima kazi yake ya kugawa anwani, akaiachia kazi moja tu ya kurusha mawimbi. Printa akaipa namba yake ya kudumu, nje ya zile zinazogawiwa, akazifundisha kompyuta zote nne namba hiyo. Jina la Wi-Fi na neno la siri akavifanya sawa pande zote mbili, ili baba watoto akitembea na laptopu asichague tena.

Halafu akaangalia mawimbi. Kwa programu ya simu alinionyesha majirani zetu karibu wote wako chaneli ya 6, yaani njia moja ya mawimbi, na rauta zetu mbili ziko humohumo. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 chaneli ziko nyingi, ila zisizogusana ni 1, 6 na 11, kwa hiyo moja akaiweka 1, nyingine 11. Laptopu mbili mpya akazihamishia kwenye gigahezi 5, ambako kumetulia, akanionya kwamba mawimbi hayo huchoka haraka yakikutana na ukuta wa matofali. Kompyuta ya watoto haiyaoni kabisa, ni ya zamani, ikabaki kwenye 2.4.

Jambo lililonishangaza ni mapipa. Sisi tunaweka maji kwenye mapipa jikoni, kama kila mtu anayejua mabomba ya hapa, na rauta ya korido ilikuwa kwenye rafu fupi nyuma yake. Maji yanameza mawimbi ya Wi-Fi. Akaipandisha juu ya mlango, akatumia misumari miwili na kipande cha mbao tulichokuwa nacho, na chumba cha nyuma kikapata mtandao ambao binti yangu hajawahi kuuona tangu tuhamie.

Mwisho alizima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi ya PIN bila neno la siri; udhaifu wa PIN hiyo unajulikana wazi tangu 2011, lakini rauta nyingi bado zinakuja ikiwa imewashwa.

Sasa yasiyonipendeza. Alisema atakuja asubuhi, akaja saa nane mchana bila kupiga simu. Hatoi risiti mpaka uidai, na hata hiyo aliiandika nyuma ya karatasi ya kawaida. Alitaka pia kuhifadhi neno letu la siri kwenye simu yake "kwa siku nyingine", nikakataa, akanionyesha bila kinyongo namna ya kulibadilisha. Ukimwita, fanya hivyo hivyo akishaondoka. Neno la siri la mtandao wa nyumbani ni la wenye nyumba.

Kuna shida moja hakuimaliza: umeme ukishuka rauta inazima na kuwaka upya, na sote tunasubiri. Alishauri betri ndogo ya rauta, akaniambia nisome kwanza kibandiko cha chini, kwa kuwa kuna rauta za volti 12 na kuna za volti 9, na ukikosea unaiunguza. Yeye betri hizo haziuzi. Angeweza kuniletea moja na kujiwekea faida yake juu, lakini alinielekeza nikanunue mjini.

Alichukua dola 20, pamoja na waya mfupi mmoja alioniachia. Tangu siku hiyo printa haijapotea. Anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Mpigie mapema, mkubaliane bei kabla hajatoka, na kama uko Ruashi au Katuba utamwongezea nauli ya moto, yaani pikipiki. Kabla hajafika andika ni kompyuta ipi inakatika na saa ngapi, maana ndilo swali lake la kwanza.