Kuchora kwa skeli au kutumia tanjenti?

Chukua mnazi wa Nyali. Umesimama mita 12 kutoka shina lake, na pembe ya mwinuko (kutoka mstari mlalo wa jicho kupanda hadi kileleni) ni digrii 50. Urefu wake?

Anayechora huweka sentimita 1 kwa kila mita 2: kitako sentimita 6, pembe mraba upande mmoja, digrii 50 upande wa pili. Mistari ikikutana, hupima wima, takriban sentimita 7.2, yaani mita 14.4. Rula ikiteleza milimita moja tu, jibu limehama sentimita 20.

Kwa tanjenti, upande unaoikabili pembe hugawanywa kwa upande ulio jirani nayo. Basi 12 × tan 50° = 12 × 1.1918, mita 14.3. Ongeza kimo cha jicho, tuseme mita 1.5, upate 15.8. (Wengi husahau hapa, hata wachoraji.) Kikokotoo kiwe kwenye digrii, kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) kitakupa namba hasi.

Ukikosea pembe kwa digrii moja, ukaisoma 51, tanjenti nayo itakudanganya kwa nusu mita.

Kwa anayeanza, mimi nasisitiza mchoro kwanza, hata usio na skeli. Mwanafunzi aliyekariri sini, kosini na tanjenti bila kuchora hushindwa kutambua upande upi ni haipotenusi (ule mrefu, unaoikabili pembe mraba) pembetatu ikigeuzwa. Akishauona, hesabu ndiyo bora: haraka, sahihi, na haihitaji karatasi kubwa.